Bwawa la nyumbani lilivyotuchemkia Ibadakuli, na namna tulivyolipoza ili baba yangu aingie

Wakuu, habari za jua.

Nawasalimu kutoka Ibadakuli, Shinyanga, ambako wiki hii hata kivuli kinatafuta kivuli.

Juzi kuna mdau alifungua uzi akiuliza afanyeje, swimming pool yake ya nyumbani maji yanachemka msimu huu wa joto. Mkamshambulia. Mmoja akamwambia atie majani ya chai. Mwingine akasema hayo ni matatizo ya walioshiba.

Na mimi nilicheka. Halafu nikaweka simu chini, kwa sababu tatizo hilohilo lilinikuta miaka michache iliyopita, na halikuwa la shibe.

Nitasimulia kama lilivyokuwa. Chumvi sijatia. Harufu ya samaki mtakutana nayo katikati, hiyo nayo ni ya kweli.

Mume wangu, nitamwita Baba Neema, ni fundi wa pampu. Zile za kuvuta maji kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuanzia kule Bulyanhulu hadi Geita. Pampu ikifa maji yanajaa shimoni na kazi inasimama, kwa hiyo wanamletea kwa basi, kwa pikipiki, nyingine zimeviringishwa kwenye khanga. Karakana yake ipo hapahapa nyumbani, uani.

Sasa mtu huyu anayeshinda akiondoa maji kwenye mashimo ya wenzake, siku moja akaamua kuchimba shimo lake na kuyaweka.

Aliona bwawa kwenye loji moja huko Geita alikokwenda kufunga pampu, akarudi hana raha. Akachimba. Urefu wake hatua kumi, maji yanamfika mtu mzima kifuani. Taili akanunua za bluu iliyokolea, karibu nyeusi, maana ndizo zilizokuwa zimebaki dukani. Mwarobaini uliokuwa pembeni akaukata, eti majani yasidondokee majini.

Mnaona tulivyojiroga wenyewe. Taili nyeusi, kina kifupi, mti hakuna. Nilimwambia kuhusu ule mwarobaini. Akaniambia mimi ni wa kupika, niache ufundi. Neno hilo amelilipia mara nyingi tangu siku ile.

Majirani wakalibatiza jina: lambo la Baba Neema.

Jina hilo mimi halikuniudhi hata kidogo, kwa sababu nimekulia kwenye lambo.

Kwetu ni Kishapu. Kwa asiyejua, lambo ni bwawa la kuchimba la kunyweshea ng'ombe, na kule kwetu kiangazi likikauka hilo na wewe umekauka. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Tulizaliwa wasichana wanne, mimi wa kwanza, basi fimbo ya kuchungia nikaishika mimi.

Baba akasema mchungaji asiyejua kuogelea ndama akizama atabaki kupiga kelele tu. Akanifundisha. Wanawake wakamsema kwamba anamharibu binti, nani ataoa samaki? Baba akawajibu kwamba samaki hajawahi kukosa mnunuzi.

Mchana maji ya lambo yalikuwa ya moto juu, chini baridi. Baba alikuwa ananituma nizame kwanza. Yeye anasimama ukingoni, fimbo mabegani, anauliza, "Chini kukoje?" Naibuka na tope kwenye nywele, "Baridi, baba!" Ndipo naye anaingia.

Sijui kwa nini alihitaji taarifa yangu. Yale maji aliyajua kabla sijazaliwa. Nadhani alipenda kuuliza tu. Hadi leo harufu ya lile tope naikumbuka kuliko sura za walimu wangu wote.

Turudi kwenye kisa.

Mwaka ule baba akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto. Mkono ulirudi taratibu, mguu ukagoma. Hospitali hapa mjini, dada wa mazoezi ya viungo akatuambia kwamba kama tuna mahali penye maji ya kumfika kifuani, afanyie mazoezi humo kila siku, maji yatambeba. Akaonya kwamba mguu ukikaa miezi bila kazi utazoea kulala, na ukishazoea ndiyo basi tena.

Nikamjibu kwa maringo kabisa, dada, maji tunayo uani.

Baba alikuwa na neno moja tu. "Mvua zikianza nataka niwe kwangu, nasimama shambani kwa miguu yangu." Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba. Hapo hatukuwa na muda wa kuchezea.

Kumleta kulala kwa mkwe wake ilikuwa vita ya wiki nzima. Wasio Wasukuma niwaambie: ukwe kwetu una heshima mpaka inachosha. Baba na mume wangu walikuwa wamejuana miaka kumi na tisa na hawajawahi kula sahani moja. Wakikutana uani kila mmoja anaangalia pembeni, wanasalimiana kwa adabu, wanapishana.

Sasa fikirieni mzee wa namna hiyo aonekane na mkwe wake akiwa na kaptula iliyolowa, ameshikwa kwapani na binti yake kama mtoto anayeanza kusimama dede.

Akasema ataingia majini, ila mkwe asiwepo nyumbani. Asiwe ndani wala karakanani. Asiwepo kabisa.

Shida yote ilianzia hapo. Baba Neema anaanza kazi uani alfajiri, wateja wa machimboni wanafika na mabasi ya asubuhi. Saa nane mchana ndiyo anatoka kwenda mjini kutafuta vipuri, anarudi jioni. Kwa hiyo nafasi ya baba ikawa kuanzia saa nane. Wenyeji wa Shinyanga mnalijua jua la Septemba la saa nane.

Siku ya kwanza nilimkalisha ukingoni. Akatumbukiza mguu wa kulia, ule mzima, akautoa haraka.

"Haya ni ya kusongea ugali," akasema. (Tulikuwa tunaongea Kisukuma, nawatafsiria.)

Halafu akanitazama, akauliza, "Chini kukoje?"

Wakuu, nilikuwa na miaka arobaini na mbili, nimevaa dera. Nikazama. Kule chini kulikuwa kama juu, jua lilikuwa limeingia hadi kwenye taili.

"Moto, baba."

Aliingia hivyohivyo kwa kuniridhisha, na baada ya muda mfupi kichwa kikaanza kumzunguka. Jioni dada wa mazoezi akaja kumpima, presha imepanda. Akapiga marufuku. Maji yapoe kwanza, la sivyo tutamuua mzee tukidhani tunamtibu.

Nikaanza kuhangaika.

Fundi wangu akaja na wazo la kwanza. Alikuwa na nailoni nyeusi, ile wachimbaji wanayotandika kwenye madimbwi ya kuoshea mchanga wa dhahabu. Akafunika bwawa zima, jua lisiguse maji. Nami nikakubali, ilionekana ni akili. Tuliliacha siku mbili. Siku ya tatu tulipofunua, mvuke ulitupiga usoni. Nyeusi juu, nyeusi chini, maji katikati. Baba Neema akaikunja nailoni yake akairudisha karakanani.

Wazo la pili lilikuwa langu, na ninaliungama hadharani.

Nina shoga yangu anauza sato na sangara sokoni, wanatoka Mwanza kwenye barafu. Nikamwomba mabonge yote ya barafu yaliyobaki. Tukabeba kwa bajaji tatu, maji yanachuruzika njia nzima, nimekaa mbele najiona nimemshinda fundi.

Yale mabonge yalimalizika kabla hata sijamaliza kuchanganya maji kwa fimbo ya ufagio. Joto halikushuka la maana. Lakini harufu! Magamba yanaelea juu yanang'aa, paka wa mtaa mzima wamejipanga ukutani kama wanasubiri posho. Baba akaita kutoka dirishani kwake, "Mayu, umefuga kambale humo?"

Hiyo "mayu" ni mama, ndivyo alivyoniita tangu utoto. Nilikaa chini nikacheka mpaka nikalia. Ilichukua siku nne za dawa na filta harufu kutoka.

Jirani mmoja akashauri tumwage maji yote tuweke mapya. Nikamuuliza kama yeye angependa kutuona tunamwaga maji barabarani kiangazi, hapa Shinyanga, watu wakiwa na ndoo. Akarudi kwake.

Siku zinakwenda. Mguu wa baba haujafanya kazi. Alikuwa anauburuza kutoka kitandani hadi mlangoni, anakaa hapo anaangalia mawingu kana kwamba yana ahadi naye.

Ni yeye aliyetutoa gizani. Adhuhuri moja nilimletea maji ya friji, akayakataa, akasema yanauma meno, si kama ya mtungi wa mama yako. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka mingi. Baba akaanza kumsimulia. Mama alikuwa akiweka mtungi kivulini juu ya mchanga mbichi, mchana ameuzungushia gunia lililolowa. Usiku maji mengine anayaacha kwenye beseni pana, nje, upepo uyapitie.

"Maji yanapozwa na upepo wa usiku," akasema. "Ninyi mlifunika usiku na mchana. Mlikuwa mnayaatamia?"

Nilikimbia karakanani. Baba Neema alinisikiliza na bisibisi mkononi, hakubisha.

Alichukua bomba la plastiki akalitoboa matundu mengi madogo, akalipandisha juu ya nguzo mbili kwa upana wa bwawa. Pampu ikawa inavuta maji kutoka chini kabisa na kuyapandisha, yanadondoka kutoka hewani kama mvua. Jua likizama tunawasha, asubuhi tunazima.

Kwa mchana tukahitaji kivuli. Mdogo wangu akaleta kutoka Kishapu magunia makuukuu ya pamba. Nilikaa na sindano ya magunia siku mbili nikiyashona yawe kipande kimoja, vidole vikaota sugu. Tukayatundika kwenye waya juu ya bwawa, upepo unapita chini yake, na mchana nayalowesha kama mama alivyofanya kwa mtungi wake. Yalikuwa na ile harufu ya vumbi la pamba ya msimu wa mavuno. Nilipokuwa nashona nilimwona mama yangu kila nilipoinua macho, sitaki kuwadanganya.

Asubuhi ya kwanza baba aliamka akiuliza kama mvua imeanza. Alikuwa ameisikia akiwa usingizini.

Baada ya usiku wa tatu nikaweka mkono majini alfajiri, nikautoa nikipiga kelele. Baridi! Dada wa mazoezi akaja na kipimajoto chake, akatabasamu. Akarudi saa tisa alasiri, akapima tena, akatikisa kichwa. Kivuli kimesaidia, lakini kwa presha ya mzee bado. Akasema aingie asubuhi, kabla ya saa tatu.

Asubuhi. Wakati mkwe yupo uani.

Nikampelekea baba habari. Akasema hapana.

Nikamwambia nitatundika mashuka. Hapana. Baba Neema atajifungia chumbani. Hapana, bado yumo. Wiki ikakatika. Upande wa magharibi umeme ukaanza kumulika jioni, watu wakaanza kunoa majembe.

Siku moja uvumilivu uliniisha. Nilisimama mlangoni kwake nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mzazi, "Baba, hiyo mila ndiyo itakayokutembeza?"

Aliutazama ule mguu. Kisha akasema taratibu, "Mguu ukifa, nitachechemea. Nikimvulia mkwe nguo, nitakaa wapi?"

Niliona aibu. Nilikwenda jikoni nikawasha moto usio na kazi. Huyu ndiye mtu aliyemfundisha binti kuogelea watu wakimcheka, hakuwahi kuogopa maneno. Nilidhani anaogopa watu. Kumbe alikuwa na kitu kimoja tu ambacho kiharusi hakikukigusa, nami nilitaka akivue ukingoni pamoja na shati.

Baba Neema alikuwa karakanani, ukuta mmoja tu kati yake na chumba cha baba.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikasikia pikipiki inatolewa. Akafungua geti, akapiga honi mbili, ndefu, hata mbwa wa jirani wakaamka. Akaondoka.

Dirisha la baba likafunguka. "Mkwe katoka?"

"Katoka."

"Kaenda mbali?"

"Sijui, baba. Kabeba vifaa."

Kisha nikasikia fimbo yake sakafuni.

Nilimshika hadi ukingoni, na kaptula yake na shati lake la kijani. Magunia juu yetu yanatikisika, maji meusi yametulia. Akasimama akaegemea fimbo. Nilijua anachosubiri. Nikazama na dera langu mpaka nikagusa taili kwa viganja, nikaibuka.

"Chini kukoje?"

"Baridi, baba!"

Akacheka, upande mmoja wa mdomo ukichelewa kidogo. Akaingia.

Tuliendelea hivyo kila siku. Honi mbili, dirisha, fimbo, maji. Saa tatu kasoro honi mbili nyingine zinasikika kutoka mbali, namtoa baba, namfunga shuka, anaingia chumbani, ndipo pikipiki inafika getini. Mguu ukaanza kukunja goti. Kisha ukaanza kukanyaga.

Mimi nilidhani mume wangu amepata kazi ya asubuhi mjini. Mpaka siku nilipokwenda kununua vitumbua pale kona, mama muuza akaniambia, "Mama Neema, mmegombana? Mumeo kila asubuhi yupo hapa na kikombe kimoja cha chai, pampu za watu kazitandaza chini kwenye gunia anafungua skrubu."

Kona hiyo ni mwendo wa dakika mbili kutoka kwangu.

Sikumwambia kwamba najua. Nilirudi na vitumbua vyangu, nikawa sijui niviweke wapi.

Nikadhani anayejua ni mimi peke yangu. Siku chache baadaye, baba yumo majini, ameshika ukingo anapiga mguu, akasema bila kunitazama, "Mkwe wako hana safari."

"Kwa nini, baba?"

"Pikipiki inazimika pale kona. Naisikia kila siku."

Nikajua amemaliza, atatoka na hataingia tena. Akapiga mguu mara kadhaa.

"Mwambie kesho achelewe kidogo," akasema. "Nataka kuzunguka bwawa mara mbili."

Nilipeleka ujumbe. Baba Neema aliupokea akiwa ameinamia pampu, akasema sawa tu. Ila alichelewa saa nzima.

Mvua ya kwanza iliponyesha, baba alitembea kutoka chumbani hadi kwenye gari la kumrudisha Kishapu kwa miguu yake, fimbo mkono mmoja. Mume wangu alisimama mbali kwa adabu, kichwa chini. Baba naye akaangalia pembeni, kwenye nguzo za lile bomba. Akasema, "Wabeja." Asante. Neno moja, na bwawa halikutajwa. Baba Neema akajibu, "Karibu tena, baba."

Alilima msimu ule. Sehemu ndogo, lakini alisimama shambani kwake. Alitutoka mwaka uliofuata, nyumbani kwake Kishapu, na jioni ile alikuwa amekwenda mwenyewe kuangalia ng'ombe.

Basi mdau wa pool ya moto, jibu lako ni hili. Usifunike kwa nailoni nyeusi, na barafu ya samaki usiisogelee. Weka kivuli kinachopitisha upepo. Usiku rusha maji hewani, asubuhi zima. Na kama mti bado upo, usiukate, hata fundi aseme nini.

Somo langu mimi ni jingine kidogo. Nilihangaika mwezi mzima na joto la maji, kumbe mtu wa kusogea alikuwa mmoja na alihitaji kwenda mwendo wa dakika mbili tu. Nami ningeishia kumlazimisha mzee wangu. Ukitaka kumsaidia mtu mzima, angalia kwanza ni kitu gani hawezi kukiweka chini.

Wenye malambo yenu ya utotoni, na wenye wakwe, semeni na nyie yaliyowakuta. Wa majani ya chai pia mnaruhusiwa, leo nina moyo mweupe.

Bwawa bado lipo. Magunia tumebadilisha mara mbili. Asubuhi hakuna anayeingia, binti yetu Neema yuko shule ya bweni na mimi peke yangu sina hamu. Na mume wangu ameshahamishia karakana mjini, anatoka mapema kama watu wengine.

Nimeandika uzi huu tangu alfajiri, nimekaa hapa ukingoni. Sasa hivi ametoa pikipiki, amefungua geti, na amepiga honi mbili, ndefu, kama kila siku. Sijawahi kumuuliza anampigia nani.